Kumwanzishia Mtoto Mdogo Dawa za ADHD: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanawahusu zaidi watoto wa miaka 4 hadi 8 wenye ADHD, yaani hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutulia, kujizuia na kuwa makini kama wenzake. Hayachukui nafasi ya daktari anayemjua mtoto wako, ila yatakusaidia kufika kwake ukijua la kuuliza, na kurudi nyumbani ukijua la kuangalia.

Mwanangu ana miaka 4. Si mapema mno kumpa dawa?

Mara nyingi ndiyo, ni mapema. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani wa mwaka 2019 unataka mtoto ambaye hajatimiza miaka 6 aanzie kwenye mafunzo ya malezi kwa wazazi, na methilifenideti (dawa ya ADHD inayochangamsha ubongo) ifikiriwe tu pale mafunzo yameshafanyika, tatizo likabaki zito. Uingereza ni wakali zaidi: mtoto wa chini ya miaka 5 hapewi dawa hadi daktari bingwa wa pili, mwenye uzoefu wa ADHD kwa watoto wadogo, atoe maoni yake.

Wazazi wengi wakisikia "mafunzo ya malezi" huhisi wanalaumiwa. Si lawama. Mtoto mwenye ADHD anahitaji maagizo ya namna nyingine kabisa: agizo moja kwa wakati mmoja, fupi, umemsogelea na anakutazama, sifa inayotaja kitendo ("umeweka viatu mahali pake, vizuri sana") badala ya "mtoto mzuri" ya jumla, na adhabu ndogo inayotolewa palepale, kila mara ileile. Mambo haya huchukua wiki kadhaa kuzoeleka, na hata mtoto akija kuanza dawa, bado yatahitajika, kwa kuwa kidonge hakimfundishi mtoto kupanga mkoba.

Kuna hali ambapo kusubiri kunaumiza zaidi kuliko dawa: mtoto anayekimbilia barabarani kila mlango unapofunguliwa, anayejeruhi wenzake au kujijeruhi mara kwa mara, au aliyeshaondolewa shule ya awali zaidi ya moja. Hapo mazungumzo ya dawa katika umri huo ni ya haki kabisa.

Tutajuaje kuwa ni ADHD na si utundu wa kawaida wa utotoni?

Dalili ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, zionekane katika mazingira yasiyopungua mawili, kwa mfano nyumbani na shuleni, na ziwe zinamzuia mtoto kuishi na kujifunza kama wenzake wa umri wake. Mtoto anayesumbua shuleni tu huenda ana tatizo la kusoma, au na darasa lenyewe. Anayesumbua nyumbani tu, tazameni kwanza nyumbani.

Kabla ya kukubali jina hilo, hakikisheni yafuatayo yamechunguzwa: masikio na macho, usingizi (mtoto anayekoroma kila usiku kwa sababu ya mafindofindo makubwa huamka na uchovu, na uchovu wa mtoto mdogo hujitokeza kama utukutu), upungufu wa madini ya chuma, kifafa cha kuzubaa ambacho huonekana kama kutosikiliza, pamoja na hofu au tukio baya lililompata. Kipimo cha masikio ndicho kinachorukwa mara nyingi, nacho ni rahisi.

Angalieni pia umri wake ndani ya darasa. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba watoto wadogo kuliko wote darasani hupewa jina la ADHD mara nyingi zaidi kuliko wakubwa. Miezi 11 ni mingi sana kwa mtoto wa miaka 6.

Dawa inafanya nini kichwani mwake?

Seli za ubongo hupashana habari kwa kemikali, mojawapo ikiwa dopamini, nyingine noradrenalini. Kemikali ikishamwagwa, hunyonywa kurudi ilikotoka. Methilifenideti huzuia kunyonywa huko, kwa hiyo dopamini na noradrenalini hukaa muda mrefu zaidi zikifanya kazi, hasa katika sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomwezesha mtu kujizuia, kusubiri na kushikilia jambo moja. Ndiyo maana dawa ya kuchangamsha inamtuliza mtoto: inayochochewa ni sehemu inayoshika breki. Si dawa ya usingizi, na haijengeki mwilini kwa wiki nyingi. Kidonge cha kawaida huanza kufanya kazi kati ya dakika 20 na 60, na huisha baada ya saa 3 hadi 4.

Ni vipimo gani vifanywe kabla ya kidonge cha kwanza?

Uzito, urefu, shinikizo la damu na mapigo ya moyo. Namba hizi nne ziandikwe kwenye daftari lako pia, maana bila namba za mwanzo, za baadaye hazisomeki. Shinikizo la damu lipimwe mtoto akiwa ameketi na kutulia kama dakika 5, kwa mkanda unaolingana na mkono wake. Mkanda mdogo kuliko mkono hutoa namba ya juu isiyo ya kweli.

Daktari atauliza kuhusu moyo, na swali hilo lijibiwe baada ya kuulizana na ndugu wa pande zote mbili. Je, mtoto amewahi kuzimia akikimbia, kulalamika kifua kuuma, au kuishiwa pumzi kuliko wenzake? Je, kuna ndugu wa karibu aliyefariki ghafla kabla ya miaka 40 bila sababu kujulikana? Jibu likiwa ndiyo, aonwe kwanza na daktari wa moyo. Likiwa hapana, na uchunguzi wa kawaida ukawa safi, kipimo cha umeme wa moyo si lazima kwa kila mtoto.

Taja pia kifafa, mishtuko midogo ya macho au mabega inayojirudia, na kila dawa anayotumia, hata za mafua. Dawa za mafua zinazofungua pua zinaweza kuongeza mapigo ya moyo, na zikichanganyika na methilifenideti utashindwa kujua kipi kimesababisha nini.

Dozi ya kuanzia ni kiasi gani?

Kwa mtoto wa miaka 4 au 5, madaktari wengi huanza na methilifenideti ya muda mfupi miligramu 2.5, mara moja au mbili kwa siku. Kwa mtoto wa miaka 6 na kuendelea, kawaida ni miligramu 5, mara moja au mbili. Kisha dozi hupandishwa kidogokidogo, kwa kawaida si zaidi ya mara moja kwa wiki: miligramu 1.25 hadi 2.5 kwa mdogo, 5 hadi 10 kwa mkubwa. Kikomo cha kawaida kwa watoto wa shule ni miligramu 60 kwa siku, na watoto wadogo wengi hawahitaji kukaribia hapo.

Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, uliohusu watoto wa miaka 3 hadi 5 na nusu, ulikuta kwamba dozi iliyowafaa ilikuwa kwa wastani kama miligramu 14 kwa siku nzima, ikigawanywa mara tatu. Faida ilikuwepo, ila ndogo kuliko ile ya watoto wakubwa, na madhara yalikuwa mengi zaidi: watoto kama 11 kati ya kila 100 waliacha kwa sababu ya madhara, hasa hasira za haraka na kulialia. Hii ndiyo sababu ya kuanza chini na kupanda polepole kwa mtoto mdogo. Uzito wake hautabiri dozi yake. Watoto wawili wa kilo 18 wanaweza kuhitaji dozi tofauti mara tatu.

Kosa la kwanza linaloharibu hatua hii ni haraka: dozi inapandishwa siku ya tatu kwa sababu "hakuna kilichobadilika". La pili ni kinyume chake: mtoto anaachwa kwenye dozi ya mwanzo miezi 6, familia inahitimisha kwamba dawa haifanyi kazi, kumbe hakuwahi kufikishwa kwenye dozi yake. La tatu ni kubadilisha mambo mawili kwa pamoja. Wiki ya dozi mpya isiwe wiki ya shule mpya, ya kuhama nyumba wala ya kuanza dawa nyingine.

Kukata vidonge kunahitaji uangalifu. Kidonge cha miligramu 10 chenye mstari katikati hugawanyika vizuri mara mbili, lakini robo zake hazilingani. Uliza duka la dawa kama kuna kidonge cha miligramu 5 au dawa ya maji. Ukilazimika kukata, tumia kikatio cha vidonge, na kata kimoja tu kwa wakati.

Siku ya kwanza tufanye nini?

Chagua siku ya mapumziko ili umwone mwenyewe. Mpe kifungua kinywa kwanza, kisha dawa, mapema asubuhi, kwa mfano saa 1. Mtazame saa 2, saa 3 na saa 5, uandike sentensi moja moja. Usimpe kazi ya kumjaribu wala usimuulize kila nusu saa anajisikiaje. Mwache acheze.

Usitarajie mtoto mwingine kwa dozi ya kwanza. Mara nyingi badiliko la mwanzo ni dogo sana: amekaa mezani hadi mwisho wa mlo, amesubiri zamu yake mara mbili.

Tuandike nini, na mwalimu aulizwe nini?

Ukimuuliza mwalimu "anaendeleaje?", atajibu "vizuri", na hilo halimsaidii daktari kupanga dozi. Chagueni pamoja tabia tatu zinazomsumbua mtoto huyu hasa, sio mtoto wa kwenye kitabu. Mfano: kuinuka kitini wakati wa kazi, kuwapiga wenzake, kutomaliza zoezi la dakika 10. Kila siku mwalimu aweke alama 0 hadi 3 kwa kila moja, mara mbili: kabla ya mapumziko na kabla ya kurudi nyumbani. Ni kazi ya sekunde 20, na walimu hukubali.

Anzeni kuweka alama wiki moja kabla ya dawa. Wiki hiyo isiyo na dawa ndiyo yenye thamani kuliko zote, na ndiyo ambayo karibu kila familia huisahau.

Nyumbani andika saa ya dawa, alichokula mchana, saa aliyolala usingizi wenyewe (sio saa ya kuingia kitandani), na hali yake jioni. Alama za shuleni zikiwa nzuri kabla ya mapumziko na mbaya baadaye, dozi huenda inatosha ila inaisha mapema. Zikiwa mbaya siku nzima, dozi huenda ni ndogo.

Hataki kula mchana. Tufanye nini?

Hili ndilo dhara la kawaida kuliko yote. Usipigane naye juu ya chakula cha mchana. Utapoteza mlo na amani pia. Panga shibe pande mbili za dawa: kifungua kinywa kizito kabla haijaanza kazi, na mlo wa pili jioni ikishaisha, hata kama ni saa 2 usiku. Mchana mpe kidogo chenye nguvu nyingi, kama maziwa, mayai au karanga, mradi hana mzio navyo. Mpime uzito kila mwezi kwa mizani ileile. Uzito ukishuka, au ukikaa palepale miezi 3 mfululizo, daktari ajulishwe.

Usingizi umeharibika.

Kwanza tazama kama ulikuwa mzuri kabla ya dawa. Watoto wengi wenye ADHD hulala kwa shida tangu awali. Kama tatizo ni jipya, angalia saa ya dozi ya mwisho. Ya muda mfupi isitolewe baada ya saa 10 jioni. Ya muda mrefu itolewe asubuhi tu, na ukiichelewesha hadi saa 4 asubuhi, usiku wa siku hiyo utakuwa mrefu.

Kuna jambo linalowashangaza wazazi: baadhi ya watoto hawalali kwa sababu dawa imeisha, utukutu umerudi, hawawezi kutulia kitandani. Hao huenda wakasaidiwa na dozi ndogo ya alasiri. Tofauti hii huonekana kwenye daftari, kwa hiyo liandikwe kwa uaminifu.

Kila jioni analia na kugomba bila sababu.

Dawa inapotoka mwilini haraka, dalili zinaweza kurudi kwa kishindo kwa muda wa dakika 30 hadi 60. Ukiona hali hiyo inakuja saa ileile kila siku, karibu saa 4 baada ya dozi, basi ndiyo hiyo. Mpe chakula kidogo dakika chache kabla ya muda huo, ahirisha kazi za shule na maagizo magumu, na mweleze daktari. Dozi ndogo ya kufuatia, au dawa ya muda mrefu inayoshuka polepole, mara nyingi humaliza tatizo.

Kama kulialia kunatokea katikati ya saa za dawa, si jambo hilohilo. Huko ni kuelemewa na dozi.

Ametulia mno, amekuwa kama sanamu.

Dozi imezidi, au dawa hiyo haimfai. Usiikubali hali hii hata kama mwalimu anaifurahia. Mtoto aliyepata dozi sahihi bado anacheka, anauliza maswali, anakimbia uwanjani. Kama mcheshi wenu hachekeshi tena, mpigie daktari siku hiyohiyo, dozi ipunguzwe.

Dawa itamdumaza?

Inaweza kupunguza kasi ya kukua, na ni haki yako kuambiwa hivyo waziwazi. Katika utafiti ule wa 2006, watoto wadogo waliotumia dawa mwaka mzima walikua pungufu ya ilivyotarajiwa kwa kama sentimita 1.4 na kilo 1.3. Kwa hiyo urefu upimwe kila miezi 6, uzito angalau kila miezi 3 kwa mtoto wa miaka 10 kurudi chini, na namba ziwekwe kwenye chati ya ukuaji. Mstari ukianza kulala, zipo njia: kupunguza dozi, kupumzika wakati wa likizo, au kubadilisha dawa.

Ni dalili gani zinataka hospitali bila kusubiri?

Kuzimia, maumivu ya kifua, degedege, kuona au kusikia visivyokuwepo, na kwa mvulana, uume kusimama kwa zaidi ya saa 4. Acha dawa, nenda.

Hawezi kumeza kidonge.

Kumeza ni ufundi unaofundishika, hata kwa mtoto wa miaka 5. Anzeni na punje ndogo ya mkate laini pamoja na maji, kichwa kikiwa sawa, kisichoinamishwa nyuma. Akifaulu mara tano, ongezeni ukubwa. Dakika 5 kwa siku, bila kugombana, na usifanye mazoezi kwa dawa yenyewe.

Kidonge cha kawaida cha muda mfupi kinaweza kusagwa. Cha muda mrefu kisisagwe wala kutafunwa, maana dozi ya siku nzima itamwagika kwa mara moja. Baadhi ya kapsuli za muda mrefu hufunguliwa, chembe zake zikanyunyizwa kwenye kijiko kimoja cha chakula laini cha baridi, zikamezwa papo hapo bila kutafunwa; muuzaji dawa akuthibitishie kwanza kuwa yako ni ya aina hiyo. Kidonge cha Concerta (methilifenideti ya muda mrefu) humezwa kizima, na ganda lake hutoka na choo. Usishtuke ukiliona.

Tumesahau dozi, au ametapika.

Dozi ya muda mfupi iliyosahauliwa inaweza kutolewa ukikumbuka mapema. Ikishakaribia jioni, iache. Ya muda mrefu ikipita asubuhi, subiri kesho. Usirundike dozi mbili. Akitapika, usirudie bila kumuuliza daktari, kwani huwezi kujua kiasi kilichobaki tumboni.

Tunaweza kupumzika wikendi?

Kwa methilifenideti na amfetamini (aina nyingine ya dawa ya kuchangamsha), kiafya inawezekana, kwa kuwa kuacha siku mbili hakuleti hatari ya mwili. Lakini katika wiki za kutafuta dozi, usipumzishe, picha itavurugika. Na kwa mtoto ambaye hatari yake kubwa ni barabara na moto, siku za mapumziko ndizo zenye hatari zaidi.

Je, atakuwa mtegemezi wa dawa za kulevya?

Kutumia dawa hizi kwa mdomo, kwa dozi ya daktari, hakujaonekana kuongeza uwezekano wa mtoto kutumia dawa za kulevya ukubwani. Hatari ya kweli iko kabatini: mtu mwingine kuzichukua, au mdogo wake kuzila akidhani ni peremende. Zifungiwe kwa ufunguo, zihesabiwe kila wiki, na mtoto asijipe mwenyewe. Aliyekunywa nyingi anaweza kuwa na fadhaa kali, joto, moyo kwenda mbio na degedege. Mpeleke hospitali mara moja na pakiti mkononi, usimtapishe.

Kama methilifenideti haikumfaa?

Watoto kama 7 kati ya 10 hupata nafuu kwa aina ya kwanza ya kichangamshi. Wengi wa waliobaki hupata kwa aina ya pili, amfetamini. Kwa hiyo moja kushindwa si mwisho. Amfetamini isinywewe na juisi chachu, kwa sababu asidi hupunguza kiasi kinachoingia mwilini.

Baada ya hapo kuna atomoksetini, kwa miaka 6 kuendelea. Hiyo inataka subira ya wiki 4 hadi 6 au zaidi, kapsuli yake haifunguliwi, na mtoto aangaliwe kwa makini asije akaanza kuzungumzia kujiumiza. Guanfasini na klonidini hutumika pia. Huleta usingizi na kushusha shinikizo la damu. Mbili hizi zisikatishwe ghafla kamwe, maana shinikizo linaweza kuruka juu. Dawa ikikaribia kuisha, nenda kaichukue mapema, hasa kabla ya safari.

Tumwambie nini mtoto?

Ukweli, kwa maneno yake. "Dawa hii inakusaidia kusubiri na kusikiliza. Kazi unaifanya wewe." Usiiite peremende, wala vitamini. Na akikosea, usimuulize mbele ya watu, "Leo umemeza dawa?" Atajifunza kwamba mema yake ni ya kidonge na mabaya ni yake.

Ataitumia hadi lini?

Haipangwi miaka mapema. Angalau mara moja kwa mwaka daktari apitie upya kama bado inahitajika, na njia nzuri ni wiki moja au mbili bila dawa, kwa ruhusa yake, mwalimu akiweka alama zilezile za 0 hadi 3. Chagueni kipindi cha kawaida cha masomo, si wiki ya mitihani wala ya kwanza ya muhula. Alama zikibaki nzuri, dawa ipunguzwe au iachwe. Zikirudi zilipokuwa kabla ya kuanza, arudishiwe dawa, na swali liulizwe tena mwaka unaofuata.